Awali ya serikali, chekechea ya kanisa au ingilishi midiamu: nilivyolinganisha Arusha na Moshi kwa kusikiliza

Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka minne na nusu siku aliyorudi kutoka nasari akasukuma sahani ya makande. Nikamgusa shingo nikidhani ana homa. Hana. Akaniambia makande ni chakula cha Wapare, na Wapare ni wachoyo, wanapika sufuria moja Jumapili wanakula mpaka Ijumaa. Habari hizo alipewa kwenye gari la shule na mwenzake wa miaka mitano. Sasa mimi ni Mpare wa Usangi, baba yake Mchaga wa Kibosho. Mtoto akanitazama, akauliza, "Mama, mimi ni Mpare wapi?" Akajishika mkono, akajishika tumbo, kama anayetafuta kidonda.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu. Akacheka kwa upole. "Mama, si utani tu huo? Nyie na Wachaga si watani?"

Ni kweli tu watani. Siku naolewa mawifi zangu waliniletea jiwe kwenye sinia nilichemshe, na mimi nikawauliza jiwe hilo wameliiba wapi. Tukacheka mpaka machozi. Lakini utani una sheria zake: wote wawili wanaujua mchezo, wote wana uwezo wa kurudisha, na anayekutania leo ndiye atakayekushughulikia kwenye msiba wako. Mtoto wa miaka minne hana hata kimoja cha hivyo. Yeye neno la utani analipokea kama taarifa. Wapare ni wachoyo, kama alivyoambiwa simba ni mkali na maji yanachemka.

Kwa hiyo zamu ya mdogo wake ilipofika, sikutaka kuchagua kwa rangi ya geti. Mume wangu alikuwa anangoja uhamisho wa kutoka Arusha kwenda Moshi, hivyo nilizunguka miji yote miwili na kila mahali niliomba kukaa asubuhi nzima nyuma ya darasa. Mwisho wa mzunguko nilibaki na tatu: darasa la awali ndani ya shule ya msingi ya serikali upande wa Ngaramtoni, chekechea ya kanisa Moshi, na ingilishi midiamu ya Njiro. Majina sitaji. Hata hivyo ukizijua shule za huku utaona zinafanana na zile za mtaani kwako.

Zipo na zile dei kea za mama wa mtaani, sebule moja na watoto kumi na mbili. Hizo sikuziweka kwenye mizani, maana zote zinategemea huyo mama ni nani. Nimeona mmoja Pasua anayewalea watoto wa kila dini kama wajukuu zake, na nimeona mwingine anayemwita mtoto mweusi kuliko wenzake "mkaa" mbele ya mama yake mzazi. Ukimpata wa kwanza, mshike. Uliza tu kama kituo kinatambulika ustawi wa jamii.

Nani wamekaa kwenye mkeka

Ukitafuta mchanganyiko, serikali inaongoza. Ada ilifutwa kuanzia 2016, kwa hiyo pale Ngaramtoni kuna mtoto wa muuza mahindi, wa polisi, wa mwenye lori, wa mlinzi. Waarusha ndio wengi, lakini wapo Wameru, Wachaga, Warangi, Wairaqw, na Wamaasai waliohamia kutoka Monduli na Longido. Wote wamenyolewa vipara na wote wana sweta la rangi moja. Kipara na sweta havimalizi ubaguzi, ila vinapunguza sababu mbili za kuchekana kabla hata kengele haijalia.

Njiro mchanganyiko upo pia, wa aina yake. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo utakuta Mkenya, Mganda, Mrundi, Mhindi wa hapa hapa mjini, na mtoto wa Mzungu wa kampuni ya utalii. Kwenye picha ya darasa inapendeza sana. Lakini wazazi wote wanaegesha magari yanayofanana. Babu zetu walisoma nchi ikiwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mgawanyo huo ulifutwa kuanzia 1962. Pale Njiro nilijiuliza kama hatujaurudisha kwa kutumia risiti ya benki. Binti wa dada wa kazi hawezi kukaa kwenye mkeka ule, kwa hiyo watoto wa pale wanamfahamu dada kama mtu wa kuwafunga viatu tu.

Moshi wengi ni Wachaga, na watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC na wa kiwanda cha sukari TPC wanaongeza rangi. Usidanganyike kwamba darasa la Wachaga watupu halina ubaguzi. Lina Mrombo wake wa kuchekwa lafudhi na Mmachame wake wa kuhadithiwa. Kila kabila lina neno la kumtoa mtu nje. Wachaga wana "chasaka" kwa asiye Mchaga, Wamaasai wana "ormeek" kwa mtu asiye wao, na Wabarbaig wameishi miaka na jina "Mang'ati" ambalo asili yake ni neno la Kimaasai la adui. Mtoto anayaokota maneno hayo jikoni kabla ya kujua kuhesabu mpaka kumi.

Je, mchanganyiko una faida yoyote basi? Unayo, na unaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2006 watafiti walichapisha jaribio la watoto wachanga wa miezi 3. Waliokulia Ethiopia walitazama zaidi sura nyeusi, waliokulia Israeli wakiona Wazungu tu walitazama zaidi sura nyeupe, lakini watoto wa familia za Kiethiopia zilizohamia Israeli, waliozoea kuona sura za aina zote mbili, hawakuegemea upande wowote. Macho yanazoea kinachoyazunguka. Tatizo ni kwamba kuzoea sura hakutoshi. Mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alishaandika mwaka 1954 kwamba kuwaweka watu pamoja kunapunguza chuki pale tu wanapokuwa na hadhi sawa, wanapofanya kazi moja kwa kushirikiana, na mkubwa wa mahali pale anapounga mkono. Kwa chekechea mkubwa huyo ni mwalimu. Ndiyo maana nilikaa nyuma ya darasa na kusikiliza.

Kichwa kinachotaka kuguswa

Ngaramtoni, siku ya pili ya wiki, aliingia mtoto wa kiume amechelewa. Ana duara dogo la alama ya moto kila shavu. Akaenda moja kwa moja mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa, akatulia. Watoto wawili wakaanza kucheka, wakidhani anaona haya au anangoja kupigwa. Mwalimu akaacha chaki, akamwekea kiganja utosini, akasema kitu kwa Kimaa, mtoto akaitikia akaenda kukaa. Kwa Wamaasai na Waarusha hiyo ndiyo shikamoo ya mtoto: anatoa kichwa, mkubwa anakigusa.

Kilichonifurahisha kilikuja baadaye. Mwalimu aligeuka akawaambia wale waliocheka, "Amenisalimia. Kwenu mnasalimiaje?" Mmoja akasema shikamoo. Mwingine, mtoto wa Kirangi, akasema salamu ya kwao ambayo sikuielewa. Kisha mtoto mmoja akaja kuinamisha kichwa naye aguswe, akafuata wa pili, mara ikawa foleni. Dakika tano za hesabu zikapotea. Sikuona hasara.

Mtoto yule hakuwa na Kiswahili cha kutosha. Mwalimu alimkalisha karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili na alikuwa anamwuliza, "Mwambie mwenzio, hii kwa Kimaa inaitwaje?" Jibu likija, darasa zima linarudia. Kwa hiyo yule aliyekuja hana lugha akawa na kitu cha kuwafundisha wengine. Kwenye mtaala wa awali hakuna kipindi kinachoitwa Kimaa. Ni akili ya mwalimu mwenyewe, na akihama, itahama naye.

Njiro nilikuta hali nyingine. Lugha ni Kiingereza toka bebi klasi, na hilo wazazi ndilo wanalolipia, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni namna Kiswahili kinavyogeuzwa kosa. Wakati wa michezo niliwasikia wavulana wawili wakigombea bembea. Mmoja akamwambia mwenzake, "Toka hapa, Mmasai mchafu wewe." Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akasikia, akageuka haraka. Nikasema moyoni, haya, tuone. Akamwambia yule aliyetukana, "Sema kwa Kiingereza!"

Sikosei kusikia. Alimsahihisha lugha akauacha ubaguzi ulivyo. Kijana alifikiri kidogo, akakosa maneno, akaondoka. Yule wa bembea akabaki ameshika minyororo, habembei.

Ukienda kutembelea shule ya aina hiyo, uliza mtoto akiongea Kiswahili anafanywa nini. Zipo zinazomvika kibao shingoni. Mtoto anayefunzwa kuionea aibu lugha ya mama yake hana shida kuionea aibu lugha ya mama wa mwenzake.

Chekechea ya Moshi inatumia Kiswahili, na nyimbo chache za Kiingereza za kuwaridhisha wazazi. Pale lugha haikunipa la kusifu wala la kulaumu.

Midoli, kuta na ile siku ya kuvaa lubega

Miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wa aina mbili, weusi na weupe. Wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi wangependa kuchezea. Wengi walimchagua mweupe. Ushahidi huo ukaja kutumika kwenye kesi iliyokataza kutenganisha shule kwa rangi nchini humo mwaka 1954.

Basi Njiro nikahesabu kwenye rafu: wanasesere tisa, wote weupe, wote nywele za njano, mmoja jicho limetoka. Ukutani tufaha, theluji, na nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Nikamwuliza mkuu wa shule kwa adabu. Akasema ndivyo vinavyopatikana madukani. Hilo kweli, nenda kaangalie Soko la Kilombero. Ila anayelipisha ada ile anaweza kumpa fundi cherehani vipande vya kitambaa cha kahawia.

Moshi walifanya hivyo hivyo. Chekechea ile inafuata kwa kiasi chake Montessori, mbinu ya mtoto kujifunza kwa kushika vitu mwenyewe, kwa hiyo vitu vingi ni vya mbao na kamba, na kwenye kikapu kuna wanasesere wa vitambaa wa rangi tatu nne za ngozi zinazoonekana mtaani. Mmoja mguu ni mfupi na ana gongo la kijiti. Nilidhani ameharibika. Mwalimu akasema ameshonwa hivyo makusudi.

Serikalini hakuna mwanasesere. Kuna vifuniko vya soda, magunzi, makopo, udongo wa mfinyanzi, na kona za ujifunzaji zilizobandikwa majina kwa karatasi za boksi. Watoto wanafinyanga watu wao wenyewe, na udongo wa Ngaramtoni hautoi Mzungu. Umaskini umewaepusha na ugonjwa ule bila mtu kupanga.

Halafu kuna siku ya utamaduni, ambayo Njiro wanaifanya kwa fahari. Nilionyeshwa picha: Mhindi na sari, Mganda na gomesi, mtoto wa Kimaasai na lubega na shanga akiruka, wazazi na simu juu. Siku nyingine zote za mwaka, mtoto huyo anaambiwa nini? Sisi wa Arusha utalii tunaujua. Mgeni anashuka kwenye gari, anapiga picha, anapanda, vumbi linabaki. Shule inaweza kuwafanyia watoto wake hivyo hivyo, ikatembelea utamaduni mara moja kwa mwaka kama boma la kando ya barabara. Na mtoto aliyeruka anajifunza kwamba kinachotakiwa kwake ni kuruka. Siipingi sherehe yenyewe. Ninachosema ni kwamba usiihesabu kama jibu mkuu wa shule anapokuonyesha albamu.

Sala kabla ya uji

Mimi ni Mwislamu, kama wengi wa Usangi, na mume wangu ni Mkatoliki. Chekechea ya kanisa niliingia nayo nikiwa na wasiwasi kuliko zote. Saa nne uji ulipofika watoto wakasimama kusali. Wengi wakafumba mikono. Watatu wakaiweka viganja juu, kama tunavyoomba dua. Hakuna aliyewatazama. Mwalimu aliniambia alizungumza na wazazi wao mwanzo wa mwaka, akawauliza mtoto huomba vipi nyumbani, basi. Igizo la Krismasi wanaruhusiwa kushiriki au kukaa kando, na Idi watoto hao ndio wanaogawa tende. Ni chekechea ya Kikristo na haijifichi. Nyimbo ni za Yesu. Kama hilo linakukwaza, ni haki yako kukwazika. Binafsi niliona heri mahali panaposema wazi ni nani na kumpa mgeni nafasi, kuliko panapodai hapana dini huku kalenda yote ni ya upande mmoja. Chekechea ya Kiislamu yenye moyo ule ule ningeiweka daraja moja nayo. Sikuipata karibu na njia zangu.

Kuhusu chakula kote ni sawa: uji, maharage, wali Ijumaa.

Fomu za kujiunga ndizo zilizonishangaza. Ya Njiro ilikuwa na mstari wa kabila. Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ni ya mwaka 1967, Serikali imeshaacha, lakini nasari inataka kujua. Nikauliza ni kwa ajili gani. "Ya rekodi." Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa kabila, dini, lugha, ulemavu, afya, hali ya kipato, hata kwa kuwa mkimbizi. Mstari peke yake si ubaguzi. Nikaandika "Mtanzania" nikaendelea.

Meno ya mwalimu

Hapa ndipo nilipoamua, kwa hiyo vumilia nieleze taratibu.

Mwalimu wa Ngaramtoni alikulia Meru, na meno yake ni ya kahawia kama ya wengi wa huku. Wakati wa uji mtoto mmoja, mgeni kutoka Dodoma, alimtazama mdomoni kwa muda mrefu kisha akasema kwa sauti, "Mwalimu, mbona wewe hupigi mswaki?"

Darasa likanyamaza. Mimi nikainamia simu yangu.

Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Akasema, "Napiga. Asubuhi na usiku. Unataka kujua kwa nini hayawi meupe?" Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Maji ya kwetu yana madini. Nilipokuwa mdogo kama wewe, meno haya makubwa yalikuwa bado yamejificha ndani ya fizi. Nikanywa maji, madini yakaingia kwenye meno huko huko yalikojificha. Yalipotoka, yakatoka na rangi hii." Mtoto mwingine akauliza kama yanauma. "Hayaumi." Yanatafuna mahindi ya kuchoma? "Leta mahindi uone." Wakacheka wote, na yule wa Dodoma akacheka zaidi.

Kwa asiyejua, alichoeleza ni sahihi. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na inayozidi humharibia mtoto rangi ya meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka. Wangapi kati yetu tulichekwa Dar es Salaam kwa meno hayo bila mtu kutupa sentensi moja ya kujibu? Mtoto aliuliza swali la kuumiza bila nia ya kuumiza. Hakufinywa, hakuambiwa ana adabu mbaya. Akapewa sababu. Kesho akimwona mtu mwingine wa Meru, ana maelezo kichwani, hana kejeli.

Moshi nilisikia jaribio lingine. Kuna mtoto mwenye ualbino, anakaa mbele kwa sababu ya macho, na kofia yake pana imetundikwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Mwenzake akasema, "Mimi sishiki mkono wake, ni zeruzeru." Mwalimu akasema, "Hatusemi hivyo. Mungu ametuumba sote kwa mfano wake." Akashikanisha mikono yao, mchezo ukaendelea.

Ni jibu zuri kwa nusu. Neno limekatazwa na mikono imeshikana. Ila yule aliyeogopa hakuambiwa kwamba ngozi ile haiambukizi, kwamba imekosa tu rangi inayokinga jua. Alichojifunza ni kwamba kuna jambo halisemwi mbele ya mwalimu. Nilipomwambia mwalimu hivyo wakati wa kuagana hakununa. Alisema, "Dada, sikulifikiria." Dada yangu, ambaye mwanawe anasoma pale, ananiambia wiki iliyofuata walifanya somo la ngozi, kila mtoto akapaka mafuta mkono wa mwenzake na wakajadili nani anaungua na jua haraka. Kofia pana ikazungushwa ijaribiwe na kila kichwa.

Jibu la Njiro umeshalisoma, la bembea.

Kila moja na doa lake

Usije ukaondoka hapa ukidhani nimeipa serikali kombe. Mwalimu yule yule wa meno ana fimbo juu ya meza, na niliona akiigonga mezani mara kadhaa. Kiwango cha awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nilipofika zaidi ya sabini niliacha kuhesabu. Akichelewa dakika kumi kwa mtoto mmoja, sitini wanapigana nyuma. Mambo niliyoyaona ameyafanya siku yenye nafuu. Choo chao hakina mlango wa mtoto wa kiti cha magurudumu kupita, wala njia ya kukifikia.

Moshi walimu wawili kwa watoto thelathini hivi, nafasi ipo, na mbinu yenyewe ina historia inayonipendeza: Maria Montessori alianza na watoto waliokuwa wamefungiwa hospitalini Roma kwa kuambiwa akili zao hazifai, kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto wa maskini mwaka 1907. Doa lao ni ule ukimya wa kidini, kulifunika jambo kwa jina la Mungu badala ya kulieleza. Pia usafiri hawana.

Njiro wana bwawa, maktaba, kamera mlangoni. Ada ya muhula mmoja ingetulipia kodi ya nyumba karibu miezi minane. Kuwatendea haki, waliniambia wanatafuta mwalimu wa makuzi ya kijamii, na mkuu wa shule alinisikiliza kuhusu bembea mpaka mwisho bila kukatiza. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Kama mwanao anatoka nyumba ya kabila moja, dini moja, geti limefungwa, mpeleke kwenye mkeka wa serikali hata kwa mwaka huo mmoja wa awali, mradi umemwona mwalimu kwanza. Kama mwanao ndiye wa peke yake, ana ulemavu au ualbino au hajui Kiswahili kabisa, idadi ya watoto darasani inazidi kila kitu. Tafuta pale penye walimu wawili, ndipo uangalie msalaba au mwezi ukutani. Ingilishi midiamu chagua kwa macho makavu. Usiulize wana mataifa mangapi. Uliza, "Mtoto akimwita mwenzake mchafu kwa ajili ya kabila lake, mwalimu anafanya nini?" kisha unyamaze. Akikuambia hapa kwetu mambo hayo hayapo, chukua mkoba wako. Yapo. Hajayasikia, au ameyasikia akasahihisha Kiingereza.

Na jiandae, kwa sababu mwalimu mzuri analeta kazi nyumbani. Wiki ya kwanza ya mwanangu Moshi, maana uhamisho ulitoka na tukachagua kanisa, alirudi na kazi ya kumchora kila mtu wa nyumbani na jina lake. Akamchora baba, mama, dada yake, bibi. Akamchora mlinzi wa jirani anayetufungulia geti, shuka nyekundu, rungu. Akaja kuniuliza jina. Nikasema, "Masai." Akasema, "Hilo kabila, mama. Jina." Nikamwita mume wangu. Naye hakulijua. Ikabidi tutoke wote watatu usiku na ndala kwenda kumwuliza.

Uandikishaji wa awali serikalini huanza Oktoba, wa kanisani hujaa mapema zaidi. Beba cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Nenda siku ya kawaida ya wiki, mahafali hayatakuonyesha kitu, na ufike saa nne kasoro, uji ukiwa unagawiwa. Hapo ndipo midomo yao iko huru.